Niliandika "zipuuzwe", mama mdogo akaisoma kwa wateja wake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma uhusiano wa umma katika chuo kimoja Iringa, mwaka wa pili. Nakuandikia nikiwa Mbeya kwenye fildi, zimebaki wiki mbili nimalize. Naishi Ilomba kwa mama mdogo, na ni yeye anayenifanya nikose usingizi.

Nilipochagua kozi hii nyumbani hawakuielewa. Baba ni mkulima wa viazi, aliniuliza, "Yaani unakwenda kusomea kuongea?" Sikuwa na jibu la kumpa, lakini darasani nilianza kulipata. Mhadhiri wetu alitueleza habari ya Chicago mwaka 1982, watu saba walipokufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sumu ya sianidi, na kampuni ya Johnson & Johnson ikaamua kuondoa sokoni chupa karibu milioni 31 na kuwaambia watu wasivitumie. Swali hilo lilitoka kwenye mtihani. Niliandika kurasa nne, nikapata A. Jioni tulikuwa tunapanda Gangilonga, lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema, tunautazama mji na kugawana kazi: huyu msemaji wa benki, yule wa wizara.

Fildi nilipangiwa kiwanda cha kusindika maziwa, jina nalihifadhi. Kitengo cha uhusiano kina watu wawili, mkuu wangu na mimi. Wiki mbili za kwanza nilipiga picha za wageni, nikafunga mabango, nikapanga viti na kugawa bahasha za nauli kwa waandishi wa habari. Sikulalamika, kila kazi ina mwanzo wake.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, umeme ulikatika na jenereta ikagoma. Chumba cha baridi kilikaa bila baridi mpaka usiku. Najua kwa sababu nilikuwepo, nilimwona fundi akihangaika na mtunza stoo akiweka mkono juu ya kreti na kutikisa kichwa. Kesho yake maziwa yakapakiwa kwenye gari la usambazaji kama kawaida.

Alhamisi simu zikaanza. Watu wanasema maziwa yanakatika wakiyachemsha. Kwenye magrupu ya WhatsApp ikazunguka video ya mama mmoja wa Mwanjelwa akimimina mabonge kutoka kwenye sufuria. Mkuu wangu alitoka ofisi ya meneja anatembea haraka, akaniambia niandike taarifa kwa umma ndani ya nusu saa. Nikasema, "Mkuu, lakini Jumanne jenereta..." Akanikatisha: "Wewe umekuja fildi au umekuja kukagua?"

Nikaandika. Naikumbuka neno kwa neno: "Uongozi unapenda kuutaarifu umma kuwa taarifa zinazosambaa mitandaoni kuhusu ubora wa bidhaa zetu ni za upotoshaji na zipuuzwe. Hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi ya wote watakaobainika kuzisambaza." Kisha nikachukua picha ya yule mama kwenye video na kuigonga muhuri mwekundu wa UZUSHI. Mkuu alinipigapiga begani, akasema nimeiva.

Mama mdogo ana kibanda cha chai Soweto, hapahapa Mbeya. Anauza chai ya maziwa, chapati, na pakiti za maziwa ya kiwanda hichohicho. Nilikuwa nimeshamwambia kwa kujisifu kwamba mimi ndiye ninayeandika maneno ya kampuni. Taarifa ilipomfikia kwenye simu, aliwasomea wateja wake kwa sauti: "Mwanangu yuko palepale, anasema ni uzushi." Waliokuja na pakiti zilizoharibika hakuwarudishia hela. Mmoja ni jirani yake mwenye mtoto mdogo, walijibizana mbele za watu, na mpaka leo, wiki tatu sasa, hawasalimiani. Wateja wa asubuhi wamepungua. Na yule mama wa kwenye video, nasikia sokoni wanamwita mzushi.

Mama mdogo bado ananitetea kwa watu. Kila usiku ananiwekea chakula na kuniuliza kazi inaendeleaje.

Shangazi, mkuu ameniambia nikimaliza chuo nirudi, wataniangalizia nafasi ya miezi mitatu. Ripoti yangu ya fildi lazima aisaini yeye, na alama zinamtegemea. Je, niandike yaliyotokea au ninyamaze? Je, hii ndiyo kazi yenyewe, na yale ya darasani ni ya mtihani tu? Nimeanza kufikiria kuhamia ualimu. Na mama mdogo nimwambie nini?

Kijana wa fildi, Mbeya

*

Marahaba, mwanangu. Na pole. Umelala na jambo hili wiki tatu bila mtu wa kumwambia, na hilo peke yake linachosha.

Kwanza lile lisilosubiri. Maziwa freshi ya pakiti hayakai dukani wiki tatu, kwa hiyo naamini yale ya Jumanne yameshatoweka. Yangekuwa bado yapo, nisingekuandikia ushauri mrefu. Ningekutuma leo hii TBS, yaani Shirika la Viwango, maana tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwao baada ya kutolewa TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na afya ya mtoto wa jirani haingoji ripoti ya mtu kusainiwa. Likitokea tena siku zilizobaki, ufanye hivyo, saini ipatikane isipatikane.

Sasa swali lako kubwa. Kazi hiyo nimeifanya miaka 14, Njombe na hapo Mbeya, kabla sijaanza kujibu barua, na naipenda mpaka leo. Kwa hiyo nakujibu kama mtu wa ndani.

Kwetu kuna mtu anayeitwa mshenga. Ukoo haumtumi kwa sababu ya wingi wa maneno yake, unamtuma kwa sababu huko anakokwenda wanamwamini. Anapeleka barua ya posa, anakaa, anasikiliza. Halafu anarudi, na safari hii ya kurudi ndiyo nusu ya kazi ambayo ofisi nyingi zimeisahau. Anarudi kwa waliomtuma na kuwaambia wasiyopenda kuyasikia: mlichotaja hakitoshi, binti ameuliza kama kijana ana kazi, mjomba wake ameudhika kwa kurukwa. Mshenga anayepeleka tu bila kurudisha ni tarishi. Na mshenga anayeficha kwamba kijana ana mke mwingine Tukuyu, siku mambo yakifichuka hakuna ukoo utakaomtuma tena.

Najua umewasoma Grunig na Hunt, waliogawa kazi yetu katika mifano minne mwaka 1984. Soma tena ukiwa na watu unaowajua kichwani. Mfano wa kwanza ni mpiga debe wa stendi, anayekuapia basi linaondoka sasa hivi na ndani hamna hata abiria wanne. Wa pili ni mtoa habari, anasema kweli lakini hangojei jibu. Wa tatu anasikiliza watu ili ajue namna ya kuwashawishi, yeye mwenyewe habadiliki. Wa nne ni mshenga: pande zote mbili zinaweza kubadilika kutokana na alichobeba. Jumanne ile kiwanda kilikuwa na mshenga kijana aliyeona kila kitu kwa macho yake, kikamfanya mpiga debe.

Usidhani mvutano huo umeanzia Mbeya. Mwaka 1906 Mmarekani Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia kazi yetu, alitangaza maazimio yake: atafanya kazi hadharani, na atakachokitoa kitakuwa sahihi. Oktoba mwaka huohuo treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Kampuni za reli zilikuwa na desturi ya kuficha ajali. Lee akawashawishi watoe taarifa wao wenyewe na wawapeleke waandishi mpaka kwenye eneo. Mpaka hapo ni mtu wa kuigwa, na vitabu vingi huishia hapo. Lakini mwaka 1914 huko Ludlow, Colorado, wachimbaji wa makaa waliokuwa kwenye mgomo waliuawa pamoja na wanawake na watoto, na mtu huyohuyo akaajiriwa na familia tajiri ya Rockefeller, wenye hisa kubwa kwenye migodi ile, kuisemea. Vijarida alivyosambaza vilikuwa na takwimu za uongo kuhusu malipo ya viongozi wa mgomo. Mbele ya tume ya serikali alikiri kwamba hakuzihakiki. Alizipokea kwa waajiri, akaziandika. Aliyeandika maazimio ndiye aliyeyavunja, na doa hilo linamfuata mpaka leo.

Mimi nami nilipita huko. Mwaka wangu wa pili kazini nilitangaza kwa wakulima kwamba mbolea ya ruzuku ingefika "wiki ijayo". Nilikuwa nimeambiwa hivyo kwenye korido, nami nikaandika, sikuwa na nia mbaya hata chembe. Wakulima walikuja na mikokoteni, wengine walilala nje ya ghala. Mvua za kwanza zikapita, mbolea haijafika. Mzee mmoja alinifuata ofisini, wala hakunifokea. Aliniuliza tu, "Binti, ulimuuliza mwenye funguo za ghala?" Sikuwa nimemuuliza. Tangu siku ile sikutoa taarifa yoyote bila kwenda kwanza kwa mwenye funguo.

Lakini kwako kuna tofauti, na nisipoisema nitakuwa nakudanganya. Mimi sikujua, wewe ulijua. Ulimwona mtunza stoo akitikisa kichwa. Mkuu wako anabeba sehemu kubwa, meneja anabeba kubwa zaidi, ila ule muhuri mwekundu juu ya uso wa yule mama uliugonga wewe.

Nimekaa na daftari jana jioni nikaandika taarifa ambayo ingepaswa kutoka Alhamisi ile. Isome taratibu:

"Jumanne umeme ulikatika kiwandani kwetu na jenereta yetu haikuwaka. Maziwa ya pakiti yaliyofungwa Jumatatu na Jumanne hayakuhifadhiwa kwenye baridi inayotakiwa na yanaweza kuharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Usiyanywe. Angalia tarehe ya kufungwa juu ya pakiti, kisha rudisha pakiti dukani uliponunua upewe hela yako. Mwenye duka atarudishiwa gharama hiyo na gari letu la usambazaji. Tunawashukuru wateja waliotupigia, na tunawaomba radhi."

Sentensi ya kwanza inasema kilichotokea, na inakitaja kwa jina lake: jenereta yetu. Ya pili inasema ni maziwa yapi, ili ya siku nyingine yasisuswe yote. Ingepunguza hasara ya kiwanda chenyewe, jambo ambalo meneja hakuliona kwa hofu. Sentensi ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mwenye duka kurudishiwa gharama. Hiyo ni ya mama mdogo wako na wa vibanda vyote kuanzia Soweto mpaka Mbalizi. Angekuwa na neno la kumwambia jirani yake, na hela ya kumrudishia asiyoitoa mfukoni mwake. Badala ya hatua kali za kisheria, yule wa kwenye video angepata shukrani, kwa maana alifanya kazi ya ukaguzi bila malipo.

Kuhusu zile kurasa nne za Tylenol, mfano ni mzuri, ila ufahamu ugumu wake uko wapi. Ile sumu iliingizwa na mtu mwingine, na hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji yale. Kampuni ilisimama mbele ya watu ikiwa nayo imetendewa ubaya. Kusimama na kusema "jenereta yetu haikuwaka" ni kugumu zaidi. Mtihani wako wa kweli ulikuwa huo, na haukuja na karatasi ya maswali.

Mkuu wako simwiti mtu mbaya. Kwa maelezo yako, aliitwa ofisini kwa meneja mambo yakiwa yameshaharibika, akapewa nusu saa. Inaonekana Jumanne, pale walipoamua maziwa yapakiwe, hakuna aliyemwita. Ofisi nyingi ziko hivyo: mtu wa uhusiano anaitwa moto ukishawaka, anakabidhiwa ndoo tupu. Ukiwa na cheo siku moja, pigania kiti kwenye kikao kinachoamua, kabla hujapigania kamera mpya.

Nenda kwake wiki hii, asubuhi, kabla hajazongwa, na mkiwa wawili tu. Usimwambie alikosea. Mwambie, "Mkuu, ile taarifa ya Alhamisi haijaniacha. Nimejaribu kuiandika upya, naomba uniangalizie." Mpe karatasi, unyamaze. Akiipokea, muombe mambo mawili: ile picha yenye muhuri iondolewe kwenye kurasa za kiwanda, na yule mama atafutwe aombwe radhi. Akikataa, utakuwa umefanya safari ya mshenga ya kurudi, na umeifanya kwa heshima.

Ripoti iandike kweli. Nimesoma ripoti nyingi za fildi, na ukurasa wa changamoto karibu zote zinasema upungufu wa kompyuta na ufinyu wa muda. Ya kwako isiwe hiyo. Eleza tukio kwa tarehe, nani aliidhinisha kwa cheo chake, wewe uliandika nini kwa mkono wako, na sasa ungeandika nini. Ile rasimu iweke mwishoni kama kiambatisho. Usitukane mtu wala usibashiri nia ya mtu. Lakini kabla hujaipeleka kusainiwa, mpigie msimamizi wako wa chuo umsimulie yote. Yupo kwa ajili hiyo, na mkuu akigoma kusaini, chuo kitakuwa kinajua sababu kabla alama hazijaguswa. Usilipeleke jambo hili mitandaoni. Umeingia ofisini kwa watu kama mgeni wa kujifunza, na kwa kuwa maziwa yenyewe hayapo tena sokoni, njia ya mkuu wako na chuo chako inatosha.

Zile bahasha umezitaja kwa kupita tu. Nauli inayotolewa wazi, sawa kwa kila mwandishi, ni jambo la kujadiliwa. Bahasha ya kumfanya mwandishi asiandike usiishike kamwe, hata ukiambiwa ni ya kumpelekea tu.

Nafasi ya miezi mitatu? Mimi nisingeichukua kama ile taarifa bado imesimama bila kusahihishwa. Wakiisahihisha, ichukue kwa moyo mweupe, na uombe mkataba wa maandishi. Na ualimu, mwanangu, uache kwa wanaoupenda. Wewe ulisema, "Mkuu, lakini Jumanne jenereta..." Hilo ndilo neno la kwanza la kazi yetu, na ulilisema ukiwa na wiki tatu tu kazini. Ulikatishwa. Siku nyingine ulimalize.

Amebaki mama mdogo, na yeye ndiye nimemuwaza kuliko kiwanda chote. Anatumia jina lake kukutetea kila asubuhi, na jina la muuza chai ndilo mtaji wake. Mwambie leo usiku, kabla ya chakula, si baada. Usianze na mkuu alisema nini. Anza na "Mama, ile taarifa niliiandika mimi, na nilijua si kweli." Atakasirika, na ana haki. Muache aseme mpaka amalize, wala usijitetee hata pale atakapokosea kidogo.

Kesho yake amka naye alfajiri, umbebee ndoo za maji mpaka Soweto, na mwende pamoja kwa yule jirani na hela ya pakiti yake. Posho yako ya fildi, hata kama ni ndogo, itoke hapo. Kisha muulize mama mdogo kama anamfahamu yule mama wa Mwanjelwa, maana wafanyabiashara wa sokoni wanajuana, na huyo naye anakusubiri.